Kabla ya Kunakili Kitu: Nasaha kwa Watunzi wa Programu

Mteja aingiapo kwa fundi cherehani naye hana karatasi ya vipimo wala maneno ya kueleza upana wa bega na urefu wa mkono, lakini amekunja kwapani kanzu yake kuukuu iliyomkaa vyema kwa miaka mitatu, husema neno moja tu, "Nishonee kama hii," na fundi, bila ya kumtaabisha kwa maswali, huitandaza kanzu ile juu ya meza, akaipapasa mishono yake, akaupima ukosi wake kwa shubiri, na juma la pili kanzu mpya ikawa tayari, ndugu wa ile ya kwanza kwa kila kipimo. Mteja hakuhitaji kuijua sanaa ya ushonaji. Alihitaji kuwa na mfano. Lakini fundi aliye mwerevu, kabla mteja hajavuka kizingiti, humrudisha kwa swali moja: "Na hiki kiraka cha kiwikoni, nacho nikitie?"

Kama kiraka kile kilitiwa kwa sababu ya kuchanika, kukishona katika kanzu mpya ni kichekesho. Kama kilitiwa makusudi kwa kuwa mwenyewe ni mwandishi, ambaye kiwiko chake hulalia meza tangu asubuhi hata jioni, kukiacha ni taksiri. Kanzu yenyewe haina ulimi wa kusema ni lipi kati ya hayo mawili, na kitambaa hakitoi jawabu hata kikikaguliwa kwa miwani. Nayo nasaha yote niliyo nayo mintarafu ya kunakili vitu katika programu imo ndani ya swali lile la fundi, nami naileta kwa yule aliyekwisha kupita mafunzo ya awali na sasa anatunga kazi ambazo watu wengine huzitegemea kwa riziki zao.

Katika utunzi wa programu kwa njia ya vitu, ambao chimbuko lake ni Oslo katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipobuni lugha ya Simula, kila kitu huwa na habari zake na vitendo vyake, na kwa desturi huzaliwa kutokana na klasi, ambayo ni maelezo ya sifa za vitu vya namna moja kama ramani ya mjenzi ilivyo maelezo ya nyumba. Njia iliyozoeleka ya kupata kitu kipya ni kuiendea klasi, kuikabidhi mahitaji yake yote, na kuiamuru ijenge tangu msingi. Iko njia ya pili, nayo ni kukiendea kitu kilichokwisha kuwapo, kilichokwisha kupambwa kwa kila kinachotakiwa, na kukiambia kama yule mteja: nitolee kingine kama wewe. Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, katika kitabu chao Design Patterns kilichotoka mwaka 1994, walikusanya ruwaza 23 za ustadi wa utunzi, na njia hii wakaiweka miongoni mwa ruwaza tano zinazohusu kuzaliwa kwa vitu, wakaipa jina la Prototype. Mimi humu nitaiita ruwaza ya kielelezo.

Mfano wao ulikuwa wa programu ya kuandikia noti za muziki, na ni mfano mzuri kuutaamali. Mbele ya mwandishi wa muziki kuna safu ya vibonyezo, kimoja cha noti nzima, kingine cha nusu noti, kingine cha mistari mitano ya muziki yenyewe. Lau kila kibonyezo kingetungiwa klasi yake, programu ingejaa klasi zisizotofautiana ila kwa kitu kinachozalishwa. Badala yake hutungwa klasi moja ya kibonyezo, na kila kibonyezo kikakabidhiwa kielelezo chake. Mwandishi anapokibonyeza, nacho hukinakili kielelezo kile na kuiweka nakala penye karatasi, ghairi ya kujua kama alichokiweka ni noti au ni mistari. Faida ya ruwaza ni hiyo kabla ya nyingine zote: anayetaka kitu kipya hahitaji kujua nasaba yake.

Faida nyingine ni ya wasaa. Kuna vitu ambavyo kuvijenga tangu msingi ni gharama, kwa kuwa katika kujengwa kwake shurti visome hifadhidata, au viulize seva iliyo mbali, au vipige hesabu ndefu ambayo jawabu lake ni lile lile kila mara. Kimoja cha namna hiyo kikijengwa mara moja asubuhi, na vingine vyote vya siku vikatolewa kwake kwa kunakiliwa, kazi iliyokuwa ikirudiwa mara mia hufanywa mara moja. Sababu hii ndiyo iliyonitia mimi katika njia ya kunakili, na ndiyo iliyonifunza niliyoyajua baadaye.

Nilikuwa nimetunga programu ya ankara kwa mfanyabiashara wa jumla wa vifaa vya ujenzi, muuza saruji, mabati, misumari na rangi. Kila ankara ilihitaji anwani ya duka, nambari ya mlipa kodi, kiwango cha kodi, masharti ya malipo, na bei za bidhaa zote, na mambo hayo yalikaa katika hifadhidata iliyofikiwa kwa waya mbovu, hata ankara moja ikawa haiandikiki mpaka karani amengojea kiasi cha kuweza kunywa mafunda mawili ya chai. Nikatunga kielelezo cha ankara, kikapambwa kila duka linapofunguliwa, na kila mteja alipofika kielelezo kikanakiliwa. Ankara ikawa inafunguka kabla karani hajaondoa kidole chake, na tajiri akanishukuru mbele za watu. Mwezi mzima ulipita salama.

Mwezi wa pili dirisha la pili la mauzo likafunguliwa na karani wa pili akaajiriwa. Siku ya tatu yake, mzee mmoja aliyenunua mifuko 3 ya saruji alipokea ankara iliyomdai, pamoja na saruji yake, mabati 40. Mabati yale yalikuwa ya mteja wa dirisha la pili, aliyesimama hatua nne kutoka kwake, na mteja huyo naye katika ankara yake alikuwa na mifuko 3 ya saruji asiyoijua. Makarani walidhani ni kosa la mashine ya kuchapia, wakaizima na kuiwasha. Mimi nilidhani ni kosa la makarani, na dhana hiyo niliishikilia kwa siku mbili zaidi ya ilivyostahili.

Kisa chake kilikuwa hiki. Kitu kinapobeba ndani yake kitu kingine, kama ankara inavyobeba orodha ya bidhaa, kwa hakika hakikibebi. Hubeba anwani yake tu, na chenyewe hukaa mahali pengine katika kumbukumbu ya kompyuta. Amri ya kunakili ambayo lugha nyingi huitoa bure hunakili yaliyomo katika kitu kama yalivyo: nambari hunakiliwa ikawa nambari nyingine, na anwani hunakiliwa ikawa anwani ile ile imeandikwa mara mbili. Basi ankara zangu zilikuwa mbili, lakini orodha ilikuwa moja, mfano wa wapangaji wawili waliopewa kila mmoja ufunguo wake, na funguo zote mbili zikafungua chumba kimoja. Hiyo ndiyo nakala ya juujuu. Na kwa nini mwezi wa kwanza ukapita salama? Kwa sababu karani alipokuwa mmoja, programu ilipomaliza kuchapa ankara ilizifuta bidhaa zote katika orodha, na kwa kufanya hivyo, bila ya mimi kukusudia, ilikuwa ikikifagia chumba kwa ajili ya mpangaji anayefuata. Hitilafu ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni watu wawili kuingia kwa wakati mmoja. Anayejaribu nakala kwa kutoa nakala moja na kuitazama hajajaribu kitu.

Nilikosa usingizi, na asubuhi nikaja na dawa niliyoiona kamili: nakala ya kina. Nikaagiza kwamba ankara inaponakiliwa, kila ilichokishika kinakiliwe nacho, na kila kilichoshikwa na hicho kinakiliwe vile vile, mpaka mwisho wa silsila. Mabati yakarudi kwa mwenyewe. Lakini mara niligundua kwamba silsila ile haikuwa na mwisho, kwa maana kila mstari wa ankara ulikuwa ukiikumbuka ankara yake, na ankara ikaikumbuka mistari yake, hata kunakili kukazunguka kama ng'ombe wa kinu mpaka kumbukumbu ya kompyuta ikajaa na programu ikaanguka. Msomaji atumiaye Python hatakutana na balaa hilo, kwa kuwa deepcopy ya lugha hiyo huweka daftari la vitu vilivyokwisha kunakiliwa, na kikija tena kitu kilichomo humo hutoa nakala ya kwanza badala ya kutengeneza nyingine. Mimi nililiandika daftari hilo kwa mkono wangu mwenyewe, nikajisifu.

Sifa ile haikudumu. Walikuwapo wakandarasi ambao kila juma huagiza mzigo ule ule, na kwa ajili yao nilikuwa nimeweka kibonyezo cha "rudia", ambacho kikiguswa huinakili ankara ya juma lililopita pamoja na jina la mteja wake. Mkandarasi mmoja alikuwa na deni la shilingi 200,000 dukani. Siku hiyo mtu wake mmoja alisimama dirisha la kwanza akachukua bidhaa za shilingi 150,000, na mwingine dirisha la pili akachukua za shilingi 90,000, na ankara zote mbili zikatolewa kwa kurudiwa ile ya zamani. Kwa kuwa nilikuwa nimeamuru kila kitu kinakiliwe, mkandarasi naye alinakiliwa, na kila dirisha likawa na mkandarasi wake mwenye deni lake la 200,000. Wa kwanza akafikishwa 350,000 akahifadhiwa; wa pili akafikishwa 290,000 akahifadhiwa juu ya yule wa kwanza. Deni la haki lilikuwa 440,000. Shilingi 150,000 za tajiri zikawa zimepotea, hazikuibwa na mtu, na lau mkandarasi mwenyewe asingalikuwa mtu wa insafu, akaja kusema kwamba hesabu yake ni ndogo kuliko anavyokumbuka, mpaka leo nisingalijua.

Na la tatu, lililomchekesha kila mtu isipokuwa mimi: ankara zilizotolewa kwa kurudiwa zilizaliwa zikiwa zimepigwa tayari alama ya "imelipwa".

Hicho ndicho kiraka cha kiwikoni. Basi nakala ya juujuu ilinitia hasarani, nakala ya kina ikanitia katika hasara ya pili, na mtu angeweza kuuliza ni ipi kati ya mbili hizo iliyo sahihi. Jibu langu ni kwamba swali lenyewe limekaa vibaya. Juujuu na kina ni namna mbili za kukataa kufikiri: ya kwanza huhukumu kwamba kila kilichomo ni mali ya shirika, ya pili huhukumu kwamba kila kilichomo ni milki ya kitu mwenyewe, ilhali katika kitu chochote chenye maana mambo ya namna zote mbili hukaa pamoja, na baina yao yako mengine ambayo nakala haipasi kuyarithi kabisa. Orodha ya bidhaa ni milki ya ankara. Haina maisha nje yake, na ankara ikitupwa nayo hutupwa. Hiyo inakiliwe kwa kina, mstari kwa mstari. Mkandarasi ni mtu mmoja duniani, hata akiwa na ankara elfu. Ankara haimmiliki, humtaja tu, na kutajwa mara elfu hakumfanyi elfu. Huyo achwe wa shirika. Nambari ya ankara, tarehe yake, alama ya malipo, jina la karani aliyeiandika, ni historia ya ile ya kwanza, na mwenye nakala aianze historia yake mwenyewe.

Namna hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, kwa kuwa vitabu vya mafunzo hutumia mawazo yote katika kutenganisha juujuu na kina. Chunguza kitu chako kama kimeshika faili lililofunguliwa, au mlango wa mawasiliano na hifadhidata, au kufuli ya kuzuia wawili wasiandike pamoja, au orodha ya wasikilizaji walioomba kuarifiwa kinapobadilika. Kufuli ikinakiliwa ikiwa imefungwa, nakala itazaliwa imefungwa na hapana mwenye ufunguo wake. Wasikilizaji wakinakiliwa, wataanza kupokea habari za kitu wasichokiomba. Faili likishikwa na wawili, wa kwanza kulifunga amemfungia na mwenzake.

Kwa sababu hiyo, ushauri wangu kwa anayetaka kuitumia ruwaza ya kielelezo ni kwamba kabla hajaandika hata mstari mmoja wa msimbo wa kunakili, achukue kalamu, aorodheshe kila sehemu ya kitu chake, na mbele ya kila moja aandike hukumu: yake, ya shirika, au haiendi. Kazi hiyo huchukua robo saa. Aghalabu mtu hufika mahali akakwama, akashindwa kujua sehemu fulani iandikiwe nini, na kukwama huko ni neema, kwa kuwa kumemwonyesha kwamba hakuwa akikijua kitu anachokitunga.

Mintarafu ya zana ambazo lugha mbalimbali hutukabidhi, nitasema machache, kwa kuwa nyingi hazistahili sifa kubwa. Java huitaka klasi itangaze kwamba ni Cloneable, nalo ni tangazo la ajabu, maana ndani yake hamna kazi hata moja iliyoagizwa. Kazi yenyewe ya kunakili imekaa kwa babu wa vitu vyote, tena imefichwa, na nakala huzaliwa bila ya kupita katika msimbo wa uundaji, hata kila tahadhari uliyoiweka mlangoni hurukwa kama mwizi arukavyo ukuta. Joshua Bloch, katika kitabu chake Effective Java cha mwaka 2001, alikwisha kulikosoa jambo hilo kwa urefu, akashauri kwamba afadhali klasi iwe na njia ya uundaji inayopokea kitu cha namna yake na kujijenga kwa kukitazama. Mimi namfuata, na sababu yangu kubwa ni kwamba katika njia hiyo kila sehemu hutajwa kwa jina lake, na anayesoma huiona hukumu yake. C# nayo ina ICloneable, yenye kazi moja isiyosema kama nakala yake ni ya juujuu au ya kina, na anayepokea nakala asiyojua kina chake amepokea fumbo. Microsoft wenyewe huwaonya watunzi wasiitumie katika kazi zitakazotumiwa na wengine. PHP hunakili juujuu, kisha huita kazi maalumu ndani ya nakala mpya ili irekebishe yanayotaka kurekebishwa, na katika hizi nilizozitaja naiona kuwa ya kiungwana, kwa kuwa imeacha mahali pa swali la fundi.

Watunzi wa JavaScript kwa miaka mingi walinakili vitu kwa kuvigeuza maandishi na kuyageuza tena maandishi hayo yawe vitu. Ni hila ya haraka yenye khiyana ndani yake, kwa kuwa tarehe hurudi ikiwa maneno matupu na vitendo vyote hupotea njiani. Siku hizi vivinjari vina structuredClone, ambayo huhifadhi tarehe na haizungushwi na vitu vinavyokumbukana, lakini hukataa kabisa kunakili vitendo, na kitu kilichotokana na klasi yako hurudi kikiwa hakina tena klasi.

Hapa pana mushkeli wa jina ambao umewapoteza wanafunzi wengi. JavaScript nayo hutumia neno prototype, lakini halina maana tuliyoieleza. Brendan Eich alipoibuni lugha hiyo mwaka 1995 aliazima fikra kutoka Self, lugha ya David Ungar na Randall Smith iliyobuniwa Xerox PARC mwaka 1986, ambamo hapana klasi hata moja, na kila kitu kipya hupatikana kwa kunakili kingine. Alichokiazima si ule unakili, bali ni desturi nyingine ya Self, ya kitu kisichojua jambo kumwelekea mzazi wake na kumwuliza. Mtoto wa namna hii si nakala. Ni mwana aliye hai na mama aliye hai, na mama akibadilika mtoto huonekana amebadilika. Ivan Sutherland alikuwa ameyaonyesha mahusiano kama hayo mwaka 1963 katika Sketchpad, programu yake ya kuchora aliyoifanya MIT, ambamo mchoro mkuu ukirekebishwa michoro yote iliyotolewa kwake hurekebika papo hapo. Kabla ya kuchagua, jiulize kama unataka mtoto aendelee kumtii mama, au unataka aondoke nyumbani siku anapozaliwa. Ankara shurti iondoke: kodi ikipanda mwezi ujao, ankara ya mwezi uliopita isipande nayo.

Mambo mawili yaliyobaki ni madogo kwa urefu lakini si kwa madhara. Klasi ikiwa na watoto, kama nilivyokuwa na ankara ya mkopo iliyorithi kutoka ankara ya kawaida na kuongeza tarehe ya mwisho wa kulipa, kazi ya kunakili iliyoandikwa kwa mzazi na kutaja jina la mzazi itamzalisha mzazi hata inapoitwa na mtoto. Ukainakili ankara ya mkopo, ukapata ankara ya kawaida isiyo na tarehe, wala kompyuta isilalamike. Kila mtoto na awe na kazi yake ya kunakili. Na vielelezo vikiwa vingi, vikawekwa katika daftari ili kila mwenye haja aje akaombe kwa jina, daftari lisimpe mtu kielelezo chenyewe hata kwa dakika moja, bali limpe nakala kila mara. Kwetu palikuwa na kijana aliyekichukua kielelezo akasahau kukinakili, akamwandika ndani yake mteja wa kwanza wa asubuhi, na mpaka adhuhuri ankara za watu wote zilikuwa zikitoka kwa jina la mtu yule.

Kadhalika kuna wakati ambao kunakili si lazima. Kitu ambacho hakiwezi kubadilika baada ya kuzaliwa hakina haja ya kunakiliwa, kwa kuwa wenye shirika hawawezi kudhuriana katika mali ambayo hapana awezaye kuigusa. Bei zangu za bidhaa nilipozifunga zisiweze kuandikwa upya, na bei mpya ikawa ni kitu kipya, hofu yangu juu yake ilikwisha, na kila ankara ikazitaja bila ya kuzinakili. Simu ya Android unayoibeba mfukoni huishi kwa hekima iliyo karibu na hiyo. Inapowashwa huandaa programu moja iitwayo Zygote, ikaipakia klasi na mapambo ambayo karibu kila programu itayahitaji, kisha kila unapofungua programu mpya simu huigawanya Zygote ikawa mbili, na ile ya pili ndiyo inayovaa sura ya programu uliyoitaka. Kurasa za kumbukumbu hazinakiliwi wakati huo. Hubaki za shirika, zinasomwa na wote, mpaka mmoja atake kuandika juu ya ukurasa fulani, na hapo ndipo ukurasa huo peke yake hunakiliwa akapewa wake. Lau kila programu ingejijenga tangu msingi, simu zingekuwa nzito zaidi, na kumbukumbu zake zingejaa mambo yale yale yaliyorudiwa.

Katika ile programu ya ankara, kazi yangu ya mwisho ilikuwa kutunga jaribio. Huichukua ankara iliyojaa, likainakili, likabadili kila kilichomo katika nakala na kuangalia kama asili imetikisika. Kisha likaibadili asili na kuiangalia nakala. Kisha likahakikisha kwamba nambari ni mpya, alama ya malipo haipo, na mkandarasi katika zote mbili ni yule yule mmoja. Na kwa kuwa lugha niliyoitumia huweza kuzihesabu sehemu za klasi wakati programu inapokwenda, jaribio lina orodha ya sehemu zote na hukumu zake tatu, na likikuta sehemu isiyo na hukumu hukataa kupita. Baadaye kijana aliyeshika kazi ile baada yangu aliongeza sehemu ya punguzo, jaribio likamkatalia kabla ya duka kufunguliwa, naye akanipigia akiwa na ghadhabu, akasema kwamba msimbo wake hauna kosa. Nikamwuliza: mkandarasi aliyepewa punguzo juma hili, ankara yake ikirudiwa juma lijalo, punguzo linakwenda naye au linabaki? Akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia akimwita tajiri.